Mashini ya Papa Imepona

Kadutu, Bukavu
Jumapili, baada ya Misa ya pili

Yaya wangu Polycarpe, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba malaria iliyokulaza mwezi uliopita imekuachia nguvu za kuwatibu wengine, maana muuguzi akilala kitandani, wagonjwa wake wamkimbilie nani? Sisi huku tuko. Mvua zimeanza, njia yetu ya kupanda imeshakuwa utelezi, na juzi jirani yetu mmoja aliteremka nusu ya mlima akiwa amekaa, pamoja na beseni lake la nyanya. Yeye hakuumia, nyanya ndizo zilizoumia. Maman anakusalimu, Papa anakusalimu, na Elodie anakusalimu mara mbili: mara ya kwanza ni salamu, ya pili ni kukuuliza kama umepata ruhusa ya kuja.

Najua utashangaa kuona bahasha wakati sote tuna simu. Lakini wewe ukitaka kuzungumza nasi unapanda kilima kutafuta réseau, mtandao wa simu, watu wamejipanga nyuma yako wakingoja zamu, na mimi huku napaza sauti mpaka majirani wanajua ulikula nini jana. Kuna maneno ambayo hayapigiwi kelele. Maman Adolphine, muuza vitenge wa parokia yetu, anarudi Shabunda na ndege ndogo wiki hii, naye ameahidi kukupa barua hii mkononi mwako. Tafadhali usiisome mbele ya wagonjwa. Kaa mahali peke yako.

Unajua kwamba Josué na jamaa zake watakuja kutoa mahari ya Elodie Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Wazee wake watapanda kutoka Luberizi, na tayari wametuma habari kwamba watakuja na mchele wao wenyewe kwa sababu hawauamini wa mjini. Tonton Donatien ndiye msemaji wetu, yeye atabishana nao juu ya ng'ombe mpaka koo limkauke. Lakini mabishano yakiisha, kabla Elodie hajaitwa kutoka chumbani, baba ndiye anayesimama kutoa neno lake. Anawaambia wageni huyu binti ni wa nani, mtoto wa nani aliyezaliwa na nani, tangu kilima tulikotoka hadi leo, halafu anambariki. Papa amelitoa neno hilo kwa binti za ndugu, za majirani, hata za watu wasio na baba wa kuwasemea. Hapa Kadutu wanasema mahari bila neno la Papa Alphonse ni bugali bila mboga ya sombe. Sasa imefika zamu ya binti yake mwenyewe, kitinda mimba, naye alituambia tangu mwaka jana kwamba hili hatalitoa kichwani tu, ataliandika, asije akamsahau mtu.

Miezi ikapita, neno halijaandikwa. Tukimwuliza, Papa anaionyesha laptop yake kwa kidevu na kusema: "Hii mashini njo inakawiyaka, haiko miye."

Na kusema ukweli, mashini ilikuwa inakawia. Ni ileile ambayo waalimu wenzake walimpa alipostaafu, na hata siku ile haikuwa mpya. Asubuhi Papa alikuwa anabonyeza kitufe, halafu anaanza Rozari. Ikifika fumbo la pili, picha ya ziwa inatokea. La tatu, inaanza kukoroma kama mtu mwenye mafua. Maman alikuwa anakaa karibu naye akichambua maharagi na kumwitikia Salamu Maria, na Rozari ikiisha, wanazungumza kidogo, mashini nayo inakubali kufungua ukurasa. Sisi watoto tulicheka sana. Elodie alisema ni mashini pekee ya Bukavu nzima iliyokwisha kupata Kipaimara.

Lakini unanijua. Mimi nikiona mlango unakwama siulizi kwa nini, natafuta nyundo. Kule ofisini kwetu mashini zote za zamani zilibadilishiwa diski, zikatolewa zile zenye sahani ndogo inayozunguka ndani, zikawekwa hizi za kisasa wanazoziita SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka. Mashini iliyokuwa inakufa ikafufuka. Nikasema basi, dawa ya Papa imepatikana. Nikamwagiza Josué, ambaye kazi yake inamvusha Ruzizi kila mara, aniletee moja kutoka Kamembe, upande wa Rwanda. Akaileta kwa furaha, mkwe anayetaka kupendwa hasemi hapana.

Mtu mmoja tu alikataa, naye ni Maman. Aliniita jikoni akaniambia kwa sauti ya chini: "Colombe, wacha mashini ya baba yako. Iko inamufaa vile iko." Nilidhani ni woga wa vitu vipya. Nikamweleza kwamba hakuna kitakachopotea, kwamba mwili wa mashini utabaki uleule, tutabadilisha tumbo tu. Akaniangalia, akarudi kwenye chungu chake. Nikajihesabia ushindi.

Tulimpelekea Hervé, fundi mwenye kibanda karibu na Nyawera, yule kijana anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Papa alikataa mashini iende bila yeye. Akavaa koti lake la Misa, akateremka nami hatua kwa hatua, mkono mmoja begani kwangu, kama mtu anayesindikiza mgonjwa kwenye operesheni. Hervé alimpa kiti, akafungua vise, zile skrubu ndogo, kwa tournevis, akaitoa diski ya zamani na kumwekea Papa kiganjani. Akaanza kujigamba, kama kawaida ya mafundi. Alisema diski hii ni kama muzee anayepanda kutoka sokoni na gunia mgongoni: atafika, lakini kila kona lazima apumzike. Papa alicheka. Halafu akauliza kama yule muzee, huko kwenye kona anakopumzika, huwa anakumbuka gunia lina nini. Hervé hakuelewa swali, nami sikulielewa. Nilifikiri Papa anatania.

Nilimsisitizia Hervé jambo moja: asianze upya, asipange chochote, anakili diski nzima jinsi ilivyo, kila kitu kibaki mahali pake, hata ile picha ya ziwa, ili Papa asipotee. Akafanya hivyo. Umeme ulikatika katikati, ikabidi aanze tena, jioni ikatukuta palepale. Lakini tulipofika nyumbani na Papa akabonyeza kitufe, hakumaliza ishara ya msalaba, mashini ikawa imefunguka. Elodie akapiga vigelegele. Mimi nilijisikia kama daktari. Papa akasema, "Aksanti, mutoto yangu, mashini imepona," akaifunga taratibu, akaenda kulala mapema.

Tangu siku ile Papa alianza kukasirika, naye unajua si mtu wa hasira. Alisema mtu amehamisha vitu vyake. Alisema faili zake zimeondoka. Nikampigia Hervé simu na maneno makali, naye akaapa kwa jina la mama yake kwamba hakugusa kitu, kwamba kilichomo ni kilekile, hata makosa ya herufi ni yaleyale. Nikakaa mwenyewe nikaangalia. Yaya, kila kitu kilikuwa palepale. Nikamwonyesha Papa kimoja kimoja. Akaitikia kwa kichwa, na kesho yake akaniambia tena kwamba vitu vyake vimehamishwa. Alisema mashini hii mpya haina adabu, inamkodolea mtu macho kabla hajakaa vizuri kitini.

Sasa nitakuandikia jambo linaloniumiza. Siku moja nilirudi kutoka kazini nimechoka, nikakuta hajaandika hata mstari, nikamwambia mbele ya Elodie na Josué: Papa, sasa mashini inakimbia, huna tena kisingizio. Nilisema nikicheka, na Josué akacheka kwa heshima. Papa hakucheka. Alisema kweli, mutoto, kisingizio kimeisha, akaomba maji ya kunywa.

Jumamosi iliyofuata sikwenda kazini. Asubuhi nilipita sebuleni nikamkuta ameketi mbele ya mashini, amevaa vizuri, mikono juu ya magoti. Ukurasa mweupe ulikuwa umefunguka mbele yake, safi, unangoja. Nikapiga deki, nikaanika nguo, nikarudi, bado ameketi vilevile. Nikamwuliza ni nini anachongojea. Akanijibu kwa upole kabisa: "Niko nangojea ifunguke."

Nilimwambia imefunguka, Papa, tazama. Akatazama ukurasa, halafu akanitazama mimi, kwa ile heshima anayompa mgeni aliyeingia nyumbani mwake bila yeye kusikia hodi. Akaniuliza, akiniita kama anavyomwita kila mwanamke asiyemjua: "Maman, uko mutoto wa nani hapa Kadutu?"

Hapo Maman akatokea jikoni na kikombe, akasema kana kwamba hakuna lililotokea: "Colombe, pea Papa Alphonse chai yake, Elodie anakuja na mukate." Na Papa papo hapo akanigeukia na kuniambia, Colombe, chai isiwe na sukari nyingi. Uso wake ulikuwa umerudi. Nikapokea kikombe, nikampa.

Ndipo nilipoisikia ile sentensi ya Maman. Majina matatu ndani ya maneno machache. Nikaanza kukumbuka jinsi anavyozungumza tangu mwaka jana: Polycarpe wa Shabunda amepiga simu, Elodie wetu anakwenda kuolewa na Josué wa Luberizi, leo ni Alhamisi na Colombe yuko kazini. Sisi tulisema Maman amezeeka, amekuwa mtu wa kurudiarudia. Yeye alikuwa anamlisha Papa majina yetu, kila siku, kwa kijiko. Na wakati mkubwa wa kumlisha ulikuwa asubuhi, mashini ikikoroma. Rozari ikiisha, walikuwa wanazungumza kidogo, na katika yale mazungumzo Maman alimwambia leo ni siku gani, ameketi hapa kufanya nini, neno ni la binti yupi. Ukurasa ulipofunguka, Papa alikuwa tayari amefika. Mimi nikaja na nyundo yangu, nikauondoa ule muda.

Nilimfuata Maman jikoni, tukafunga mlango. Hakunificha tena. Alisema ilianza Kwaresima ya mwaka jana, siku Papa alipotoka kununua mkate akarudishwa na jirani, amepotea kwenye njia aliyoipanda maisha yake yote. Na Papa mwenyewe anajua, yaya. Hilo ndilo lililonivunja. Anajua tangu mwanzo. Alimwomba Maman wasituambie mpaka Elodie awe ameolewa, kwa sababu ameona jinsi watu wanavyowatendea wazee wa namna hiyo: mgeni anaingia, anamsalimu mke, anauliza "muzee anaendeleaje?" na muzee mwenyewe ameketi pale pale. Hakutaka mwanae atolewe katika nyumba ambayo baba yake anasemwa juu ya kichwa chake kama mtoto. Kwa hiyo walikubaliana kwamba tukiuliza, lawama iende kwa mashini.

Nilimkasirikia Maman. Sitakudanganya. Nilimwambia ametunyang'anya muda ambao tungekuwa tunamwangalia baba yetu vizuri. Hakunijibu kwa hasira. Alisema tulikuwa tunacheka, sisi watoto, tukiicheka ile mashini, na Papa alikuwa anapenda kutusikia tukicheka. Basi nikalia, naye akaendelea kumenya viazi huku analia pia, maana chakula cha mchana hakingojei mtu.

Kesho yake nilirudi kwa Hervé nikamwuliza kama anaweza kurudisha diski ya zamani. Akavua miwani, akanitazama kana kwamba naomba nirudishiwe jino bovu. Alisema inawezekana, lakini akaniuliza kwa nini. Nilipomweleza Maman, yeye ndiye aliyekataa. Alisema: "Sasa mumeisha jua. Basi munisaidie kumubeba, miye nimechoka."

Nikangoja asubuhi nzuri. Ziko asubuhi nzuri, yaya, usiogope, ziko nyingi bado. Nikakaa na Papa, mashini imefungwa, nikamwambia kwamba najua, na kwamba namwomba radhi kwa lile neno la kisingizio. Akanipapasa kichwa kama zamani nilipopata sifuri ya hesabu. Akasema amefikiri, na ameona njia. Nakuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema: "Neno ya Elodie, Polycarpe njo ataisema. Miye nitaikala pembeni yake. Kama ningali najua, nitaitikia. Kama sijui tena, watu watasema muzee anaheshimu mutoto yake wa kwanza."

Na ni kweli, ndiyo desturi yetu. Baba anaweza kumwinua kifungua mimba wake aseme mahali pake, na hakuna anayeuliza kwa nini, kinyume chake watu wanamsifu baba kwa kulea vizuri. Atakuwa ameketi kwenye kiti cha heshima, na koti lake la Misa, na hakuna mtu wa Luberizi atakayemsemea juu ya kichwa. Lakini bila wewe hakuna njia hiyo. Mimi ni mwanamke na ni wa pili, Tonton Donatien ni msemaji wa ng'ombe. Kwenye simu ulisema hospitali haina mtu wa kukushikia nafasi na utakuja siku ya ndoa kanisani. Yaya, usingoje ndoa. Waambie wakubwa wako lolote, ila njoo, tena uje mapema, siku kadhaa kabla.

Ukae naye asubuhi akupe neno. Tumeshajaribu mimi na yeye, bila mashini, bila karatasi. Ya zamani yote yako salama, utashangaa. Anaanza kule kilimani, babu wa babu, aliyekuwa mfuga nyuki, aliyekimbia njaa, aliyebatizwa wa kwanza, na wake zao, na kila mmoja alitoka wapi. Sauti yake ni ileile iliyowanyamazisha watu harusini. Anateremka nao mmoja mmoja mpaka kwa baba yake, halafu anajitaja mwenyewe, Alphonse. Hapo anasimama. Anangoja. Anajua kuna watu wanaofuata, anawatafuta kwa macho, na hawaji. Basi yeye atakupa majina yote hadi la kwake, na kuanzia hapo utatutaja wewe.

Wewe ni muuguzi, unalijua jina la ugonjwa huu kuliko mimi, na ukifika tutazungumza juu ya daktari. Elodie bado hajaambiwa. Maman anataka afurahie siku yake kwanza, nami nimenyamaza, ingawa moyo unanisuta. Utatusaidia kuamua.

Jambo la mwisho. Nyumbani kwetu mtoto akipiga hodi na kuulizwa ni nani, anajibu "ni miye" na kusukuma mlango. Wewe usifanye hivyo. Simama kizingitini, mwache akuangalie, na kabla hajapata taabu ya kukutafuta, sema: Papa, ni Polycarpe, mtoto wako wa kwanza, nimetoka Shabunda. Liseme kwa furaha, kama habari njema. Usimwulize kama anakujua.

Wasalimie wenzako wa hospitali na wote wanaokutunza huko. Mwenyezi Mungu akulinde njiani, na ndege ikuteremshe Kavumu salama. Tunakungoja.

Ni mimi, Colombe, mdogo wako anayekufuata, mtoto wa Alphonse na Cibalonza.